Mashine ya Kijivu ya Prudence

Prudence alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Bujumbura, na kwa miaka mingi hakuna aliyemjua kwa jambo jingine. Ukipita kwenye korido ya ofisi ile ulisikia vidole vyake kabla hujamwona, mfululizo mmoja usiokatika, kama mvua ikishuka juu ya mabati. Alikuwa mjane. Alikuwa na binti mmoja, Joëlla, na nyumba ya vyumba viwili Carama, pale mji unapochoka na mashamba ya maharage kuanza. Mume wake, Sébastien, alikuwa dereva wa lori. Aliuawa katika shambulio kwenye barabara ya Bugarama, katika miaka ile vita vilipopamba moto, na tangu hapo Prudence hakuipanda tena barabara ile.

Mwaka 2004 watu wengi mjini walikuwa wameanza kusema kwamba vita vinaisha. Watu wa Carama hawakusema hivyo, kwa sababu usiku bado walisikia milio kutoka vilimani, na asubuhi waliulizana kwanza habari za usiku kabla ya kuulizana habari za watoto.

Siku moja umeme ulikatika ofisini na direkta alikuwa na barua ya haraka. Akamtuma Prudence kuipiga kwenye cyber ya Atumani, mkabala na soko, ambako kulikuwa na jenereta. Atumani alikuwa mtu wa mtaa wa Buyenzi, mcheshi, mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata kwenye joto la mchana. Prudence aliipiga ile barua, lakini printa ikakwama. Atumani akaanza kuifungua huku akiisemesha kama mtu anayembembeleza mbuzi, na ili mteja wake asichoke kusubiri, akamkalisha mbele ya kompyuta iliyokuwa na gemu ya mbio za magari.

"Bonyeza tu hapa, mama. Hii ndo mafuta, hii breki. Jichekeshe kidogo."

Prudence hakujua chochote kuhusu gemu, lakini barabara iliyokuwa kwenye kioo aliitambua mara moja. Haikuwa na jina la nchi yoyote, ila ilikuwa barabara ya mlima, yenye ukuta wa udongo upande mmoja na bonde upande wa pili, na kona zinazojificha moja nyuma ya nyingine. Kabla ya vita Sébastien alikuwa akimchukua katika safari za Kayanza. Wakirudi na kufika chini, kwenye tambarare ya Imbo, alisimamisha lori, akamwachia usukani, akakaa pembeni akipiga mluzi. Ni yeye aliyemfundisha kwamba breki inamalizwa kabla ya kona. Ukishaingia ndani ya kona, unaliacha gari lijivute lenyewe.

Prudence alimaliza breki kabla ya kona. Akaliacha gari lijivute. Printa ilipotengenezeka hakusikia alipoitwa, na Atumani akaja kusimama nyuma yake, barua mkononi, akiangalia namba zilizoandikwa kwenye kioo.

"Mama, we ulishacheza hii zamani?"

"Apana. Mi ni daktilo tu, wa kupiga barua."

"Yampayinka!" alisema Atumani kwa mshangao. "Vijana wa shule, wa liseyi, wanakaa hapa wiki nzima na hawafiki hapo."

Ndivyo ilivyoanza. Saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kula, Prudence alikula ndizi yake akitembea na kuingia kwa Atumani. Mwanzoni vijana walimcheka, mama wa kitenge aliyeketi wima kama yuko kwa direkta. Baadaye walianza kusimama nyuma ya kiti chake kuangalia vidole. Wakampa jina, Mama Kona. Siku moja Atumani alimwekea gemu nyingine, ya askari wanaopigana katika nyumba zilizobomoka. Prudence aliiangalia kidogo, akaitoa mikono yake juu ya kibodi.

"Hii apana, Atumani. Risasi nazisikia bure kule Carama. Siwezi kuja kuzilipia hapa."

Ikapita miezi kadhaa. Kisha Atumani akatangaza mashindano. Alikuwa ameomba ukumbi wa kituo kimoja cha vijana upande wa kaskazini, na hakuficha sababu yake. "Vijana wa Kinama wanakuja kwangu asubuhi," alimwambia Prudence. "Wa Ngagara wanakuja mchana. Tangu vita viigawe mitaa yao, hawapendi kukutana. Wote wanacheza mashine moja, kiti kimoja, na hakuna anayemjua mwenzake. Mi nataka siku moja wakae meza moja." Ila mashine zake zilikuwa chache, tena nzee. Kila atakayeshindana angekuja na ya kwake.

Prudence alirudi nyumbani akiwaza. Zamu yake ilikuwa imefika katika kikundi cha kuchangiana cha wanawake wa Carama, na alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kwamba angenunua laptop. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wanatafuta watu wa kuwapigia chapa vitabu vyao vya mwisho wa masomo, na kazi hiyo angeifanya jioni mezani kwake. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli kabisa. Lakini sasa ilikuwepo na nyingine, na hiyo alimwambia Joëlla peke yake, wakichambua samaki wadogo wa ndagala uani.

Joëlla alikuwa na miaka kumi na sita. Aliacha ndagala, akamkumbatia mama yake kwa mikono yenye magamba. "Tunanunua ya gemu! Ya gemu ya kweli, mama!"

"Ya gemu ndani," alisema Prudence. "Nje sitaki mutu ajue."

Joëlla hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Lakini Prudence alikuwa ameshafikiri. Kila siku alitembea kutoka Carama, akapita kwenye barieri ya askari ambako mikoba ilifunguliwa, na katika njia za mabanda ambako vijana wasio na kazi walimkadiria kila mpita njia kuanzia viatu. Ofisini, direkta alikuwa mtu wa kuuliza. Tena, kusema kweli, Prudence mwenyewe hakupenda kunyooshewa kidole. Tangu awe mjane alikuwa amenyooshewa vidole vya kutosha.

Atumani alimwazima sidii ya gemu na kumpa ushauri mmoja. "Uliza kama ina kadi yake ya picha, mama. Zingine hazina. Picha zinakula kwa sahani ya mashine yenyewe, kama mugeni asiyeleta kitu. Ukiiweka gemu, zinachoka zote mbili."

Siku ya kwanza ya kutafuta walikwenda na Adrien. Adrien alikuwa shemeji yake, mdogo wa Sébastien, aliyefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, bandarini. Alikuwa mtu mwema mwenye viatu vya kuchongoka, na aliamini kwamba kitu kizuri ni kile kinachoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Akawapeleka katika duka la rafiki yake katikati ya mji, lenye kiyoyozi na maua ya plastiki.

Rafiki yake akaleta laptop ya bluu. Ilikuwa bluu ya kung'aa, kama mgongo wa mbawakawa, na ukiifungua taa ndogo ziliwaka pembeni mwake, zikizunguka. Joëlla alishika mashavu yake kwa mikono miwili.

"Ni ya mutoto?" mwenye duka aliuliza, akimtabasamia Joëlla.

"Ni yangu," alisema Prudence. "Naomba niketi."

Akatoa sidii kwenye mkoba. Mwenye duka alimwangalia Adrien, Adrien akaangalia viatu vyake. Gemu ikawekwa. Barabara ikatokea, safi, milima hadi mbali, na kwa muda Prudence alifurahi na kufikiri kwamba kazi imekwisha. Kisha akafika kwenye kona kali ya kushoto. Kwa kona kama ile vidole vyake vilishuka vitatu kwa mara moja: mafuta, kushoto, na breki ya mkono ya kulivuta gari kwa nyuma. Gari halikuvutika. Likaenda moja kwa moja bondeni.

Alirudia, na gari likaenda bondeni tena. Mtu mwingine angesema amekosea. Lakini Prudence alikuwa ameishi na vibonyezo karibu nusu ya maisha yake, na alijua kidole chake kimefika au hakikufika. Akafunga gemu, akafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, akabonyeza vile vitatu pamoja, polepole. Kibodi ilisikia viwili. Cha tatu ilikinyamazia.

"Haisikii vidole vitatu," alisema.

"Mama, nani anapiga vidole vitatu pamoja?" mwenye duka aliuliza.

"Mimi."

Akaiinua kupima uzito, ikamvuta mkono kama ndoo ya maji. Akauliza bei, akaiweka chini. Nje, kwenye jua, Adrien alikuwa bado anaitetea. "Lakini shemeji, ile mutu akiiona tu anajua: hii ni mashine ya gemu!"

"Ndo ubaya wake, Adrien. Na mutu wa barieri naye atajua."

Katika duka jingine walionyeshwa nyembamba, nyeupe, ya bei nzuri. Hiyo ilikuwa nyepesi na vidole vitatu ilivisikia, ila gemu ilipoanza milima ilikuja vipande vipande, kama ukuta unaopakwa rangi na fundi mvivu, na gari liliruka kutoka mahali hadi mahali bila kupita katikati. Prudence hakuhitaji kuuliza. Picha zilikuwa zinakula kwa sahani ya mashine. Joëlla alinuna njia nzima hadi nyumbani. Kwake yeye jibu lilikuwa limeshapatikana, nalo lilikuwa bluu.

Ni siku kadhaa baadaye Prudence alipomkumbuka Cirimwami. Huyu alikuwa Mkongomani kutoka Bukavu, aliyevuka na mke wake wakikimbia vita vya huko na kukuta vya huku. Alikuwa na kibaraza karibu na bandari, na mara mbili tatu alikuwa amekuja ofisini kwao kutengeneza mashine. Aliuza laptop zilizotumika, zile ambazo makampuni ya Ulaya yanaziacha na zinafika kwa mizigo, zimefungwa kwa matambara.

Cirimwami alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wale wengine wawili hawakulifanya. Kisha akavuta kutoka chini ya meza mashine moja ya kijivu iliyokaribia weusi. Haikuwa na taa wala mng'ao. Kifuniko kilikuwa na mikwaruzo, na kwenye kona palibaki gundi ya kibandiko kilichobanduliwa.

"Hii ilikuwa ya biro, ofisi ya watu wa kuchora majumba," alisema. "Wale wanahitaji picha yenye nguvu, njo maana iko na kadi yake. Lakini watu hawaipendi. Wanasema ni ya kizee."

"Inafanana na mashine ya benki," alisema Joëlla kwa huzuni.

Prudence alikuwa ameweka mikono juu ya kibodi, hata kabla haijawashwa, na uso wake ulikuwa umebadilika. Vibonyezo vilishuka kwa kina, vikarudi juu kwa haraka na kusukuma kidole, kama mashine za kupigia chapa za zamani alizojifunzia. Akajaribu vidole vitatu, kisha vinne. Vyote ilivisikia. Akaweka sidii. Akapiga mzunguko mzima wa mlima, kisha akasema, "Sasa toa waya wa umeme," akapiga mwingine, na mwingine tena, kwa betri peke yake, huku mkono wa kushoto ukishuka kila mara chini ya mashine kupima joto. Ilipata moto, lakini moto wa kawaida, wa chai iliyotulia. Feni ilivuma kidogo tu. Kwenye kibaraza kile, kati ya vumbi la bandari na makuli waliopiga kelele na magunia, Prudence alishuka mlima bila kugusa ukuta hata mara moja. Cirimwami alisahau kazi yake.

"Mama," alisema, "we ni nani?"

Prudence alicheka. Joëlla hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mama yake akicheka hivyo mbele ya mgeni.

Cirimwami hakumficha kasoro. Nafasi ndani ilikuwa ndogo. Ingebeba gemu moja na barua zake, basi. Na bawaba ya upande mmoja ilikuwa imelegea, kwa hiyo kifuniko kilipenda kuangukia nyuma na ilibidi kuegemezwa. Prudence alikifungua na kukifunga mara kadhaa. "Bawaba mi naweza kuivumilia," alisema. Wakapatana bei bila kugombana, na bado kikabaki cha kununulia Joëlla sare ya shule.

Kesho yake asubuhi alikwenda nayo kazini, kwenye mkoba wa nguo kati ya makaratasi na chakula chake. Kwenye barieri askari kijana alifungua mkoba, akaikuta.

"Hii nini?"

"Mashine ya kupiga barua."

Askari aliigeuza, akaona mikwaruzo na gundi, akairudisha kati ya makaratasi kwa uangalifu wa mtu anayerudisha kitu cha serikali. "Pita, mama." Nyuma yake kijana mmoja alikuwa anaulizwa kuhusu simu yake yenye kioo cha rangi, aliinunua wapi, na kwa fedha gani. Prudence alitembea bila kugeuka. Alipovuka kona ndipo alipogundua kwamba ametabasamu.

Jioni alipiga chapa vitabu vya wanafunzi. Kabla giza halijaingia alijipa nusu saa ya mlima. Joëlla alikaa karibu, mwanzoni akiwa bado amenuna, kisha akiegemeza kifuniko kwa mkono, kisha akipiga kelele "Breki, mama! Sasa!" hadi majirani wakachungulia uani kujua kuna nini.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Vijana wa Kinama walikaa upande mmoja, wa Ngagara upande wa pili, na katikati wakaacha nafasi tupu kama njia ya kupitishia jeneza. Atumani alizunguka na kofia yake akitania pande zote mbili, lakini jasho lilimtoka. Kompyuta kubwa za mezani zilikuwa zimepangwa na nyaya zake, na laptop chache. Moja ilikuwa ile ya bluu. Ilikuwa imenunuliwa na Armel, mwanafunzi wa uhandisi, kijana mrefu mpole ambaye wote walijua ndiye atakayeshinda. Taa zake zilizunguka na vijana wakaizunguka. Prudence aliweka ya kijivu mwisho wa meza, akaiegemeza kifuniko kwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Mtu mmoja aliuliza kama huyo mama ndiye wa kuandika majina.

"Huyo ni Mama Kona," mwingine akamjibu. "Ngoja uone."

Walianza. Prudence alimtoa kijana wa kwanza, akamtoa wa pili, na wa tatu aliomba kurudia, akarudia, akatoka tena. Armel naye alishinda upande wake bila haraka. Kona za vidole vitatu alikuwa amejifunza kuzizunguka kwa njia nyingine, na Prudence alipomwona akifanya hivyo alitikisa kichwa kwa heshima. Wakabaki wawili. Hapo umeme ukakatika.

Kompyuta zote za mezani zilikufa kwa pamoja. Jenereta ya kituo ilivutwa kamba, ikakohoa, ikanyamaza, ikavutwa tena. Katika kiza chepesi cha ukumbi zilibaki zikiwaka laptop tu. Atumani akasema haina shida, fainali ni ya laptop mbili. Lakini ile ya bluu, pamoja na nguvu zake na taa zake zote, ilikuwa na kiu kubwa. Armel hakumaliza hata mzunguko wa kujinyoosha, kioo kikawa cheusi.

Manung'uniko yakaanza upande wa Ngagara, alikotoka Armel. Upande wa Kinama wakajibu. Mtu alisukuma benchi kwa mguu. Atumani aliinua mikono kuwatuliza.

Prudence akasimama. Sauti yake haikuwa kubwa, ni ile aliyotumia kumwambia direkta kwamba barua ina kosa.

"Tucheze wote kwa yangu. Kila mutu peke yake, na saa. Armel aanze."

"Mama, ni mashine yako," alisema Armel. "We umeizoea. Mi bado."

"Njo uizoee kwanza. Piga unavyotaka, halafu useme uko tayari."

Joëlla alimvuta kitenge. "Mama, betri!" alinong'ona.

"Naijua betri yangu."

Armel akakaa. Alipiga mizunguko ya kujaribu, na watu, kwa kuwa sasa kulikuwa na kioo kimoja tu cha kuangalia, wakaanza kusogea. Ile nafasi tupu ya katikati ikazibwa. Wa Kinama na wa Ngagara walisimama bega kwa bega nyuma ya kiti, kwa sababu kila aliyesimama mbali hakuona kitu. Armel alisimamisha gari, akaangalia vidole vyake, kisha kibodi.

"Inasikia vyote," alisema taratibu.

"Inasikia vyote," alisema Prudence.

Armel akasema yuko tayari, akaendesha vizuri kuliko siku zote. Alipovuka mstari ukumbi mzima ulipiga makofi, na Prudence alipiga pamoja nao, kwa kuwa ulikuwa uendeshaji wa kupigiwa makofi. Kisha akakaa yeye. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimesukumwa na watu, na kifuniko kikaanza kuanguka nyuma. Kabla Joëlla hajafika, Armel alipiga goti kando ya meza, akashika kioo kwa mikono miwili, akakisimamisha.

"Endesha, mama. Nakishika."

Prudence akaendesha. Baadaye watu walimuuliza alikuwa anafikiria nini, na hakuweza kuwaambia, kwa sababu hakufikiri. Alisikia tu ule mlima ukija na kona zake, moja nyuma ya nyingine, na alijua mahali pa kila moja kama anavyojua mahali pa herufi. Alimaliza breki, akaacha gari lijivute. Kwenye kona kali ya kushoto vidole vitatu vilishuka pamoja, nyuma ya gari ikazunguka kwa upole, ikanyooka, na mtu nyuma yake alipumua kwa nguvu kama aliyeokolewa yeye. Barabara ile aliyokuwa ameikimbia miaka yote hiyo aliishuka yote, hadi chini, hadi tambarare, mguu wake ukikanyaga mafuta yasiyokuwepo chini ya meza.

Namba zikatokea. Alikuwa amempita Armel kwa muda mdogo sana, kiasi cha kufumba jicho. Ukumbi ukazisoma, kisha ukalipuka kwa makofi.

Armel ndiye wa kwanza kumpa mkono, akiwa bado amepiga goti. "Hakuna wa kusema ni mashine," aliwaambia wenzake wa Ngagara. "Mashine ilikuwa moja." Na hakuna aliyesema. Atumani akavua kofia yake mbele ya watu, akaivaa tena.

Zawadi ilikuwa kikombe cha bati na mfuko wa mchele. Mchele ulipikwa Jumapili uani kwa Prudence, Carama, na Armel alikuja na wenzake wawili, ambao tangu utoto wao hawakuwahi kukanyaga upande ule wa mji. Adrien naye alifika na kreti ya bia, akawaambia wote, hata wasiouliza, "Huyu ni shemeji wangu. Mke wa kaka yangu, dereva." Alisema dereva, na haikujulikana kama alimsema kaka yake au Prudence. Cirimwami alikuja na mke wake, na bisibisi mfukoni, akaifunga bawaba barazani bila kutaka malipo. Joëlla aliwaonyesha wageni laptop ya kijivu kama anayeonyesha mtoto mchanga. "Ukiiona tu huwezi kujua," aliwaambia. "Huwezi kabisa."

Direkta alisikia, kama madirekta wanavyosikia. Jumatatu alisimama mlangoni mwa chumba cha wapiga chapa, akakohoa.

"Prudence. Wanasema unaendesha gari."

"Ndiyo, direkta."

"Vizuri," alisema, akaenda zake, na vidole vya Prudence vikaendelea.

Wiki iliyofuata wasichana wa mtaa wakaanza kugonga mlango jioni. Mmoja kwanza, kisha wanne, kisha Joëlla akalazimika kupanga zamu. Prudence aliwakalisha mezani, akawaangalia mikono, akawarudisha nje waliokuwa na kucha ndefu. "Kata kwanza," alisema. "Halafu urudi, keti wima, nikuonyeshe." Wakakata, wakarudi, na jua lilipokuwa linashuka Carama ilisikika ngurumo ya magari madogo mahali ambapo hapakuwa na gari hata moja. Mama wa jirani, akisonga ugali wake, alimwuliza juu ya ua, "Prudence, leo nani anaendesha?"

"Binti yako," alimjibu. "Njoo umwone."

Na yule mama akaacha mwiko kwenye chungu, akaja.